Kichwa cha Gitaa ni cha Nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika jengo la mafundi seremala huko Brooklyn, New York, mtengeneza samani mmoja aliangukiwa na tatizo lisilomhusu. Ned Steinberger hakuwa mpiga gitaa. Alisomea sanaa katika chuo cha Maryland, akaenda New York kutafuta riziki kwa kubuni viti na meza, na kilichomwingiza kwenye muziki ni ujirani tu. Stuart Spector, aliyefanya kazi kwenye jengo hilohilo, alikuwa akiunda magitaa ya besi, akamwomba jirani yake amsaidie kupata umbo jipya. Steinberger, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiufikiria mgongo wa mtu aliyeketi, akabuni besi yenye mwili uliopinda kidogo ili ukae vizuri kwenye tumbo la mpigaji. Ilitoka mwaka 1977, ikapewa herufi za jina lake, NS, na hadi leo umbo hilo linauzwa na kuigwa.

Wengi wangetosheka. Yeye hakutosheka, kwa sababu besi ile ilikuwa na ulemavu ambao wapigaji walikuwa wameshauzoea kiasi cha kutouona: ukiivaa mabegani kisha ukaachia mkono wa kushoto, shingo inazama kuelekea sakafuni.

Sababu yake haihitaji hesabu. Aliyewahi kushika jembe kwa ncha ya mpini anajua namna chuma kidogo kinavyokuwa kizito kikiwa mbali na mkono. Besi ina shingo ndefu kuliko gitaa la kawaida, na mwisho wa shingo hiyo pana kipande kipana cha mbao chenye vikaza nyuzi vinne vya chuma. Mpigaji anapodhani mkono wake wa kushoto unapiga muziki tu, kumbe nusu ya kazi yake ni kubeba. Wapigaji wa bendi zetu za dansi, wanaosimama ukumbini tangu saa tatu usiku mpaka watu wa mwisho waondoke, wanaijua hesabu hiyo kwa bega. Dawa iliyozoeleka ni kuongeza uzito upande wa pili, au kuurefusha ule upembe wa mwili unaofungiwa mkanda. Steinberger alizifikiria dawa hizo kama fundi wa viti anavyokifikiria kiti kinachopinduka, akajiuliza jambo ambalo mpiga gitaa asingejiuliza: kichwa chenyewe ni cha nini?

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo, maana kichwa cha gitaa kina ukoo. Udi unaopigwa kwenye taarabu, Unguja na Mombasa, una kichwa kilichokunjwa kuelekea nyuma, na ndani yake vimechomekwa vigingi vya mti vinavyoshika nyuzi kwa kukwaruzana na tundu tu. Vigingi vya aina hiyo vinataka sanduku la kuvibeba, na sanduku hilo linataka kukaa mahali ambapo mkono wa mpigaji unafika bila kusumbua mwili wa ala. Gitaa lilirithi mpango huo. Karne ya 19 vikaza vya meno ya chuma vilipoenea, vigingi vikaondoka, kichwa kikabaki. Alipokuja Leo Fender mwaka 1950 na gitaa lake la umeme lenye mwili wa ubao mtupu, usio na uwazi wa kuvumisha sauti, alibadilisha karibu kila kitu, lakini kichwa alikiacha. Alichofanya ni kuvipanga vikaza vyote sita upande mmoja.

Kufikia wakati wa Steinberger, kichwa kilikuwa na kazi nyingine kabisa. Kilikuwa sahihi. Mtu aliye nyuma ya ukumbi, asiyeweza kusoma jina la kampuni, anajua kwa kutazama kichwa tu kwamba hili ni Fender na lile ni Gibson. Kampuni hizo zinayalinda maumbo ya vichwa vyao kisheria, kama alama za biashara. Kwa hiyo kumwambia mtengeneza magitaa akiondoe kichwa kulikuwa sawa na kumwambia mwenye duka ateremshe kibao cha mlangoni.

Steinberger hakuwa na kibao cha kuteremsha. Alivitoa vikaza mwisho wa shingo, akavileta kwenye mwili, nyuma ya daraja la nyuzi, mahali ambapo uzito wake unasaidia badala ya kudhuru. Shingo ikaishia pale uzi unapoanzia. Kisha, kwa kuwa uzito wa mbele umetoweka, mwili mkubwa wa kuusawazisha nao haukuhitajika tena. Akaupunguza hadi ukawa kisanduku cha mstatili kisichozidi sana ukubwa wa kitabu kinene. Ukiliona kwa mbali gitaa hilo unaweza kudhani mtu ameshika kasia. Urefu wa uzi unaotetemeka, hata hivyo, haukuguswa: ni sentimita 86 hivi, sawasawa na besi ya Fender. Alichokata ni vile visivyolia.

Jambo la pili lilikuwa malighafi yenyewe. Steinberger aliachana na mbao. Besi yake, iliyoitwa L2, ilifinyangwa kwa kalibu kutokana na nyuzinyuzi za kaboni na za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi, shingo na mwili vikiwa kitu kimoja, uwazi wa mwili ukifunikwa kwa kifuniko chenye pikapu. (Pikapu za hapa ni zile sumaku zinazodaka mtikisiko wa nyuzi, haziendi Kariakoo kupakia viazi.) Haki itendeke: yeye hakuwa wa kwanza kuleta kaboni kwenye shingo ya besi. Miaka michache kabla yake, huko California, Geoff Gould, aliyefanya kazi katika kampuni ya vyombo vya anga, alimtazama mpiga besi wa bendi ya Grateful Dead, Phil Lesh, amebeba besi nzito kupita kiasi, akawaza kwamba vifaa vya setilaiti vingeweza kumpunguzia mzigo. Kutokana na wazo hilo zikaja shingo za kaboni ambazo kampuni ya Alembic ilizionyesha mwaka 1977. Tofauti ni kwamba Gould na wenzake waliitia kaboni ndani ya gitaa linalofahamika. Steinberger aliiacha kaboni iamue gitaa liweje.

Na kaboni ilikuwa na sababu yake, mbali na kuwa kitu kipya. Shingo ya mbao nayo hutetemeka, polepole, kwa mdundo wake yenyewe. Sauti fulani ya uzi ikiangukia karibu na mdundo huo, shingo huinyonya. Mpigaji anabonyeza mahali palepale, kwa nguvu ileile, lakini sauti inakufa upesi kuliko jirani zake. Wapiga besi za Fender wanayafahamu maeneo hayo, hasa kwenye uzi mwembamba kabisa, kuanzia freti ya tano hadi ya saba. Kaboni ni ngumu mno na nyepesi, hivyo mdundo wake wa asili unapanda juu, mbali na sauti nyingi ambazo besi inazihitaji. Matokeo yake ni ala inayolia kwa usawa kutoka mwanzo wa shingo hadi mwisho wake, sauti ikidumu kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, kaboni hainywi unyevu wa hewa. Shingo ya mbao hupinda kufuata majira, na mtu aliyeacha gitaa karibu na dirisha Dar es Salaam msimu wa masika hahitaji kuelezwa.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba usawa huo ni baridi. Lawama hiyo haifai kudharauliwa. Sehemu ya kile ambacho sikio limezoea kukiita utamu wa gitaa ni kasoro za mti: sauti hii inang'aa, ile inazama, na mpigaji anajifunza kuzungumza kwa lafudhi ya ubao wake. Mpingo wa Kilwa na Lindi unapendwa na mafundi wa zumari za Ulaya kwa uzito na ugumu wake, lakini hakuna magogo mawili yanayolia sawa, na fundi hodari hulijua hilo anapochagua. Aliyeondoa mbao aliondoa maradhi, akaondoa na lafudhi.

Besi ya kwanza ilikamilika mwaka 1979. Mwaka 1980 ikaundwa kampuni, Steinberger Sound. Mwaka 1981 jarida la Time liliitaja L2 miongoni mwa kazi tano bora za ubunifu za mwaka, nacho chama cha wabunifu wa viwandani cha Marekani kikaipa tuzo. Inapendeza kuona kwamba sifa za mapema zilitoka kwa watu wa vitu vya nyumbani na viwandani, wala si kwa wanamuziki pekee. Andy West wa bendi ya Dixie Dregs alikuwa kati ya wanunuzi wa mwanzo kabisa. Baadaye Geddy Lee wa bendi ya Rush, Kanada, akapanda nayo jukwaani. Kwa miaka michache, kasia lile jeusi likawa ishara ya mtu anayeishi kesho.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoonyesha akili ya mtengeneza viti. Nyuma ya mwili wa besi pana kibao kinachozunguka, ambacho ndicho kinachofungwa mkanda, hivyo ala inageuka kufuata mwili wa mpigaji na kubaki pale anapoiacha. Mwili ulivyo mdogo, mtu aliyeketi hana pa kuuegemeza pajani. Basi pakawekwa kiguu kinachokunjuka. Nyuzi zake nazo hazifungwi. Kila uzi una kijitufe mwanzo na mwisho: kimoja kinakaa kwenye ncha ya shingo, kingine kwenye taya la daraja, kisha kitasa kinazungushwa na taya linauvuta uzi kwa mstari ulionyooka. Hakuna mzunguko wa uzi kwenye kigingi, kwa hiyo hakuna cha kulegea, na kubadilisha uzi uliokatika ni kazi ya sekunde chache.

Hapohapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa gitaa hilo. Uzi wenye vijitufe viwili lazima uwe na urefu kamili, na hauuzwi kila duka. Mwanamuziki aliyekatikiwa na uzi ugenini, usiku wa shoo, anaweza kuazima uzi wa kawaida kwa mpigaji wa bendi nyingine, lakini huu hauazimiki. Ndiyo maana karibu kila aliyemfuata Steinberger alihakikisha kwanza kwamba gitaa lake linakubali nyuzi za kawaida. Mtu anaweza kubuni gitaa upya, lakini akilazimika kubuni upya na duka la nyuzi, amejitwisha mzigo wa pili.

Baada ya besi likaja gitaa la nyuzi sita, na pamoja nalo kifaa ambacho pengine ndicho kazi yake ya kijasiri kuliko zote. Magitaa mengi ya umeme yana mkono wa chuma kwenye daraja. Ukiusukuma, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Tatizo ni kwamba nyuzi haziteremki pamoja. Nyingine hushuka sana, nyingine kidogo, na kodi (sauti kadhaa zilizopigwa pamoja) iliyokuwa tamu inageuka kelele. Kifaa cha Steinberger, TransTrem, kilipangwa ili kila uzi uvutwe kwa kadiri yake, nyuzi zote sita zipande na kushuka zikiwa zimepatana. Mpigaji aliweza kuishusha kodi nzima kama mtu anayeteremka ngazi, kisha akaufunga mkono huo kwenye ngazi ya chini na kuendelea kupiga kwa ufunguo mwingine. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alikitumia kwenye albamu ya 5150 ya mwaka 1986. Kilikuwa kifaa ghali, chenye vipande vingi na kisichotaka mzaha katika kukitengeneza. Hata hivyo, leo magitaa yenye TransTrem nzima yanatafutwa kwa udi na uvumba.

Mwaka 1987 kampuni ikauzwa kwa Gibson. Kampuni ambayo umbo la kichwa chake linafahamika duniani kote, na inalilinda kwa wivu, ilimnunua mtu aliyethibitisha kwamba kichwa hakihitajiki! Uzalishaji ukahamia Nashville, na kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga ukapungua hadi ukakoma kwa yale magitaa ya kaboni tupu. Steinberger mwenyewe alikuwa ameshaanza kampuni nyingine, NS Design, mwaka 1990, akahamishia akili yake kwenye besi za kusimama, fidla na cello za umeme huko Maine.

Biashara peke yake haielezi anguko lile. Katikati ya miaka ya 1980 soko lilijaa nakala, baadhi kwa leseni, kama zile za Hohner, na nyingine bila kubisha hodi. Nyingi zilitengenezwa kwa mbao. Zilikuwa na kasia, zilikuwa na vikaza nyuma ya daraja, lakini ile shingo ya kaboni iliyokuwa nusu ya maana ya kitu chenyewe haikuwemo. Watu wengi waliokutana na gitaa lisilo na kichwa walikutana na hilo la bei nafuu, kwenye video za muziki wa kinanda na nywele zilizotimuliwa. Umbo likafungwa pamoja na muongo wake. Vijana wa bendi za roki za Seattle walipoanza kupiga magitaa ya zamani yaliyochubuka rangi, kushika Steinberger kulikuwa kama kwenda kwenye msiba na suti yenye mabega ya sponji.

Wapigaji wachache hawakujali mavazi. Allan Holdsworth, Mwingereza ambaye vidole vyake vilitandaa kwenye shingo kwa namna iliyowakatisha tamaa wenzake, alilikumbatia gitaa la Steinberger, na hata baada ya kuliacha aliendelea hadi uzeeni kuagiza magitaa yasiyo na kichwa kwa mafundi wengine. Bill Frisell, kwa miaka mingi, alipiga gitaa la Steve Klein, fundi wa Sonoma, California, aliyechukua shingo isiyo na kichwa na kifaa cha TransTrem akaviunga na mwili wa mbao wenye umbo la ajabu: upande wa chini umenyooshwa na kuinuliwa ili, mpigaji akikaa, shingo inyanyuke yenyewe kuelekea usoni kwake. Anayelitazama kwa mara ya kwanza huliona baya. Anayeliweka pajani huchelewa kulirudisha. Klein aliunda machache, kwa oda, na hapo ndipo uzi wa hadithi hii ulipopitia wakati viwanda vikubwa vimeusahau: karakana ndogo, orodha ya kusubiri, na mpigaji mmoja mmoja mwenye maumivu yake ya bega.

Kisha mwaka 2007, Uppsala, Uswidi, Ola Strandberg akaanza kujiundia gitaa. Alitaka lisilo na kichwa, hakupata daraja la kumfaa, akabuni la kwake, na punde mafundi wengine wakaanza kumwagiza vipuri hivyo. Strandberg hakulifuata kasia. Gitaa lake lina mwili wa mbao wenye mikato inayolikalisha pajani kwa zaidi ya mkao mmoja, na uzito wake aghalabu ni kilo mbili na ushee, wakati gitaa la Gibson liitwalo Les Paul huweza kupita kilo nne. Mgongo wa shingo yake hauna mviringo. Una bapa zilizokatwa, na bapa hizo zinahama taratibu kadiri mkono unavyokwenda, kufuata namna kifundo cha mkono kinavyojipinda. Matoleo mengi yana freti zilizotanuliwa kama upepeo, uzi mnene ukiwa mrefu kuliko mwembamba, wazo ambalo Ralph Novak wa Marekani alilikatia hataza mwaka 1989. Wapigaji kama Tosin Abasi na Plini wakalichukua, na kizazi kilichozaliwa baada ya ile suti ya mabega ya sponji kikaliona kwa macho mapya. Mwaka 2021 Ibanez wa Japani, kampuni isiyobahatisha, ikaleta mfululizo wake wa magitaa yasiyo na kichwa. Kilichokuwa kichekesho kikawa bidhaa ya kawaida kwenye katalogi.

Hapa ndipo makala haya yanapotofautiana na wapenzi wa vitu vya kale wanaosema kila mtindo hurudi. Uliorudi si mtindo. Kasia la Steinberger, pamoja na weusi wake na mstatili wake, halikurudi kwa wingi. Strandberg na Klein walilitupa, na kaboni tupu pia wengi wameiacha, kwa gharama yake na kwa lafudhi iliyotajwa hapo juu. Kilichovuka miaka arobaini ni mpangilio wa uzito, pamoja na ile tabia ya kuanza na mwili wa mtu: bega linabeba nini, kifundo kinapinda vipi, aliyeketi anaegemeza wapi. Magitaa ya Fender na Gibson ya miaka ya 1950 yanapendwa kwa jinsi yalivyo, na mpenzi wake hukasirika ukibadilisha hata skrubu. Gitaa la Steinberger lilipendwa kwa namna nyingine: kila aliyelielewa alitaka kulitengeneza upya. Huenda ndiyo sababu mauzo yake hayakuwa makubwa, na ndiyo sababu pia kuuzwa kwa kampuni hakukulizika.

Ukinzani uliobaki ni wa mambo madogo yasiyozungumzwa kwenye vitabu vya ubunifu. Duka la magitaa, liwe London au Nairobi, hutundika bidhaa ukutani kwa ndoano zenye vidole viwili, na vidole hivyo hushika chini ya kichwa. Kile kifaa cha kupatanisha sauti kinachobanwa kama kibanio cha nguo, ambacho kila mpigaji wa leo anacho mfukoni, hubanwa kichwani. Hata jina la kampuni huandikwa kichwani. Gitaa lisilo na kichwa linapofika dukani halina pa kutundikwa, halina pa kubanwa, na mwenye duka huliegemeza pembeni, karibu na spika, mpaka aagize ndoano ya aina yake.